Rangi Inayobanduka na Kuta Zenye Kuvu: Namna ya Kupata Chanzo na Kurekebisha

Rangi ikivimba au ikianza kubanduka, lawama ya kwanza humwendea aliyeiuza: "aliniuzia feki." Mara chache huwa ni kweli. Mara nyingi rangi haina kosa, kosa ni kile ilichopakwa juu yake: ukuta uliokunywa maji, plasta ambayo ilikuwa bado mbichi, vumbi, chumvi, mafuta ya jikoni, chokaa ya zamani, au rangi ya mafuta inayoteleza kama kioo. Kila kimoja kina dawa yake, na dawa ya kimoja haitibu kingine. Ndiyo maana kazi haianzi na kikwangulio. Ukishakwangua ukuta mzima, ushahidi umekwenda na takataka.

Kuna tahadhari moja kabla hujagusa kitu kwa msasa. Rangi za zamani, hasa za mafuta kwenye milango, madirisha na kuta za jikoni, huenda zina madini ya risasi. Marekani iliyapiga marufuku kwenye rangi za nyumba mwaka 1978, na nchi nyingi zilichelewa zaidi ya hapo. Vumbi lake likivutwa au kumezwa huharibu ubongo wa watoto wadogo, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwao. Ukishuku, usipige msasa mkavu wala usichome rangi kwa moto. Lowesha, kwangua polepole, kusanya maganda juu ya turubai, yafunge kwenye mfuko, kisha panguza sakafu kwa kitambaa kibichi. Usifagie. Watoto na wajawazito wakae mbali hadi usafi uishe.

Pasua lengelenge utazame mgongo wake

Tafuta lengelenge ambalo halijapasuka. Likate kwa kisu kikali, kile cha kukatia karatasi kinatosha, ukunjue ngozi yake kama unavyokunja jani, kisha tazama pande mbili: mgongo wa ile ngozi, na pale ilipotoka ukutani.

Ukikuta plasta tupu, na mgongo wa rangi umebeba chembe za mchanga au ni mbichi ukiugusa, maji yanasukuma kutoka nyuma ya ukuta. Hapo hakuna rangi itakayoshika mpaka maji yakatwe. Chembe zikiwa nyingi lakini kavu, na ukikwaruza kwa kucha plasta inamong'onyoka, basi plasta yenyewe ni dhaifu: saruji ilikuwa kidogo au ilikauka haraka mno bila kumwagiwa maji. Itolewe sehemu hiyo ipigwe upya.

Ukikuta rangi ya zamani iko pale pale, safi, na mpya pekee ndiyo iliyoinuka, tatizo ni ugomvi wa tabaka mbili. Ama ya chini ilikuwa laini na haikupigwa msasa, ama ilikuwa na mafuta au vumbi, ama kazi ilifanywa ukuta ukiwa na moto wa jua: ngozi ya juu ikakauka kabla ya kilichomo ndani, mvuke ukanaswa, ukainua.

Ukikuta unga mweupe pande zote mbili, ni chokaa ya zamani, chumvi, au rangi iliyochoka. Tutarudi huko.

Baada ya hapo pima mshiko wa sehemu zinazoonekana nzima, kwa sababu hizo ndizo zinazodanganya. Chora alama ya X kwa kisu, kila mstari wa sentimita 4 hivi, ukate hadi ukutani. Bandika mkanda wenye gundi kali, usugue kwa kidole ushike sawasawa, subiri dakika moja, kisha uvute kwa mpigo ukiurudisha juu ya wenyewe. Rangi ikitoka na mkanda kupita pembeni mwa mistari, ukuta huo hauwezi kubeba rangi nyingine juu yake hata kama kwa macho hauna doa. Rangi mpya inapokauka hujikunja na kuvuta ya chini. Kilichokuwa kinaning'inia kitabanduka nacho.

Na kama hujui ukuta umepakwa rangi ya maji au ya mafuta, chovya pamba kwenye spiriti usugue mahali pamoja kwa nusu dakika. Rangi ya maji italainika na kuchafua pamba. Ya mafuta haitajali.

Maji yanatoka wapi

Kuta nyingi zinazosumbua zina maji, na maji huingia kwa njia chache tu: kutoka ardhini, kutoka juu, kutoka upande wa nje kupitia nyufa, kutoka kwenye bomba, au kutoka hewani ndani ya chumba. Njia hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika kuliko zote.

Ili kutofautisha maji ya ukutani na ya hewani, kwangua kipande cha sentimita 45 kwa 45 hadi plasta ionekane. Usipokwangua, rangi itazuia mvuke na kipimo kitakudanganya. Funika kwa karatasi ya nailoni inayoonyesha, uibane pande zote nne kwa mkanda bila kuacha upenyo, uiache saa 24 hadi 48. Matone yakiwa upande wa ndani wa nailoni, au plasta ikawa nyeusi kuliko jirani yake, unyevu unatoka ukutani. Matone yakiwa juu ya nailoni, upande wa chumba, ni hewa yako. Yakiwa pande zote mbili, una kazi mbili.

Umbo la doa nalo linasema. Mkanda wa ubichi unaoanzia sakafuni na kuishia kiasi cha mita moja, juu yake pakiwa na mstari wa chumvi, ni maji yanayopanda kutoka ardhini. Duara la kahawia lenye ukingo mweusi zaidi, likiwa darini au juu ya ukuta, ni paa, tangi au bomba linalovuja. Na usitegemee tundu liwe juu ya doa moja kwa moja, maji hutembea juu ya mbao kabla ya kudondoka. Ubichi unaoshuka kutoka pembe za dirisha ni ufa au kizingiti kisicho na mwinuko wa kumwaga maji nje. Ukuta unaopakana na bafu ukiwa mbichi usawa wa kiuno, shuku bomba au viungo vya vigae. Madoa meusi kwenye kona za juu, nyuma ya kabati na chini ya dirisha, pasipo kuganda chumvi, ni jasho la hewa.

Bomba la maji safi hupimwa hivi: funga koki zote za maji, andika namba za mita, kaa saa mbili bila mtu kutumia maji, soma tena. Namba zikisogea, kuna mahali panavuja. Bomba la majitaka halitaonekana kwenye mita. Hilo utalikamata kwa kumwaga ndoo ya maji yaliyotiwa rangi ya chakula na kutazama upande wa pili.

Maji ya ardhini yanaanza kushughulikiwa nje, si ndani. Udongo au sakafu ya nje iwe chini ya ule mkanda wa kuzuia unyevu uliomo msingini (tabaka lisilopitisha maji, lililolazwa chini ya ukuta) kwa sentimita 15 au zaidi. Watu hujaza kifusi, hupanda maua, hutandaza zege, mwishowe ardhi inaupita mkanda na maji yanapata daraja. Ardhi iteremke kutoka ukutani kiasi cha sentimita 15 katika mita 3 za kwanza. Mifereji ya paa isafishwe, na bomba la kuteremshia lisimwage miguuni pa ukuta. Kuna rangi na saruji za kuzuia maji ambazo watu hupaka upande wa ndani wa ukuta mbichi. Ushauri wetu: usitegemee hizo peke yake. Maji yaliyozuiwa kutokea hapo hupanda juu zaidi na kutokea yatakapoweza, na sasa doa lililokuwa usawa wa goti liko usawa wa kifua.

Kuhusu hewa, hesabu ni hii. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa matone ikigusa kitu cha nyuzi 21 hivi. Ukuta wa kona iliyofichwa na kabati hufika hapo bila shida usiku. Tena kuvu haisubiri matone. Hewa iliyogusana na ukuta ikikaa kwenye asilimia 80 kwa muda, inatosha. Nunua kipima unyevu kidogo cha ukutani, na lengo liwe chini ya asilimia 60. Sufuria zifunikwe, dirisha la jikoni liwe wazi wakati wa kupika, feni ya kutoa hewa bafuni iendelee dakika 15 hadi 20 baada ya mtu kuoga, nguo zisianikwe ndani. Kabati zisogezwe sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani ili hewa ipite. Feni ya dari haikaushi chumba kilichofungwa. Inazungusha unyevu ule ule.

Je, hiyo ni kuvu kweli?

Si kila doa jeusi ni kuvu, wala si kila kitu cheupe chenye manyoya ni kuvu. Dondoshea doa jeusi tone la blichi, ile klorini ya maji ya kufulia nguo nyeupe. Likififia ndani ya dakika moja au mbili, ni kuvu. Likibaki lilivyo, ni uchafu, vumbi au masizi ya jiko na mishumaa. Kile cheupe kinyunyizie maji: kikiyeyuka kikatoweka ni chumvi, kikilala chini kama pamba iliyoloa lakini kikabaki, ni kuvu.

Kuna cha tatu kinachowatisha watu bure. Bafu lililopakwa rangi ya maji karibuni hutoa michirizi ya kahawia, inayonata kidogo, imeshuka kama njia ya konokono. Hiyo si kuvu wala kutu. Ni sabuni zilizomo ndani ya rangi, zimetolewa na mvuke kabla rangi haijakomaa. Panguza kwa maji ya uvuguvugu na sifongo. Hurudi mara moja au mbili, kisha huisha. Usipake juu yake bila kuosha.

Sehemu yenye kuvu ikiwa chini ya mita moja ya mraba, mtu mzima mwenye afya anaweza kuisafisha mwenyewe. Ikizidi hapo, au ubichi umetokana na majitaka, au kuvu imeingia kwenye mifereji ya kiyoyozi, mwite mtaalamu. Mwenye pumu, mzio au kinga dhaifu asiwemo chumbani.

1. Vaa barakoa ya N95 (ya kitambaa haizuii mbegu za kuvu), glavu za mpira na miwani isiyo na matundu. Funga mlango, fungua dirisha. Usiwashe feni: itarusha mbegu nyumba nzima.

2. Nyunyizia doa maji yenye sabuni kidogo liloe kabla ya kuligusa. Kusugua kuvu kavu ni kuipanda kwingine.

3. Sugua kwa brashi ngumu na maji ya sabuni, ukivuka ukingo wa doa kwa sentimita 30 kila upande. Badilisha maji mara kwa mara. Maji machafu yanarudisha ulichotoa.

4. Suuza, kisha paka mchanganyiko wa blichi isiyozidi mililita 60 kwa lita 1 ya maji. Uache ukuta ukiwa umeloa dakika 10, halafu suuza tena.

5. Kausha. Sasa feni iruhusiwe, na madirisha wazi, siku mbili au tatu au zaidi. Rudia kipimo cha nailoni kabla ya kufungua kopo lolote la rangi.

Blichi isichanganywe kamwe na amonia, siki, wala dawa ya choo yenye asidi. Gesi inayotoka huunguza mapafu, na bafu dogo ni mahali pabaya pa kugundua hilo. Dawa nyingi za kusafishia vioo zina amonia, soma lebo.

Blichi pia inasifiwa kuliko inavyostahili. Kwenye vigae na rangi ngumu inafanya kazi vizuri. Kwenye plasta tupu, mbao na bodi za jipsamu, klorini huishia juu na maji yake ndiyo yanayozama, yaani unaimwagilia mizizi. Kinachotibu ni kusugua na kukausha. Kuvu iliyokufa ikibaki ukutani bado huwasumbua wenye mzio, kwa hiyo kuifanya iwe nyeupe si kuiondoa. Kama hutaki blichi, magadi ya boraksi, gramu 50 hivi kwa lita moja ya maji ya moto, husugulia vizuri na hayana harufu kali. Yawekwe mbali na watoto.

Bodi ya jipsamu iliyoota kuvu kwenye karatasi yake haisafishiki. Ikate sentimita 30 kupita mwisho wa doa, uitupe ndani ya mfuko uliofungwa, na ukague mbao za nyuma kabla ya kuweka nyingine. Rangi zenye dawa ya kuvu zinafaa bafuni na jikoni, ila zinachelewesha tu. Zikipakwa juu ya kuvu hai, zinageuka blanketi.

Chumvi, unga na chokaa

Ule weupe unaochanua ukutani ni chumvi zilizokuwemo kwenye tofali, mchanga au udongo. Maji yalizibeba, yakakauka juu, yakaziacha. Kosa la wengi ni kuziosha. Maji huziyeyusha, ukuta huzinywa, na wiki ijayo zinachanua tena. Zitoe zikiwa kavu kwa brashi ngumu, zidondokee kwenye karatasi, zitupwe. Rudia kila siku chache hadi ziache kutoka. Ukuta uliokuwa mbichi sana unaweza kuchukua miezi. Zikiacha, panguza kwa kitambaa kibichi, subiri ukauke, paka praima (rangi ya awali inayotangulia rangi yenyewe) ya kuta za saruji. Zikiendelea kutoka, maji bado yanaingia na hujamaliza sehemu ya juu ya mwongozo huu.

Rangi ya nje ikikuachia unga mkononi ukiipangusa, jua limekula gundi yake na kilichobaki ni poda. Kiasi kidogo baada ya miaka mingi ni kawaida. Usipake juu yake, utakuwa unapaka vumbi. Osha kwa brashi na maji, kausha, pitisha tena kitambaa cheusi. Kikiendelea kutoka cheupe, paka praima ya kushikisha kuta zenye unga, ile nyembamba inayozama, kabla ya rangi.

Chokaa iliyopakwa zamani ni mtego mbaya zaidi kwa sababu inakaa chini ya rangi na haionekani. Rangi ya maji juu ya chokaa hukaa sawa mwaka mmoja, miwili, kisha hutoka kama shuka nzima, mgongo wake mweupe. Hakuna njia ya mkato: loweka kwa maji, kwangua, osha hadi maji yatoke safi, na mabaki uyafunge kwa praima hiyo hiyo ya kuzama.

Plasta mpya

Saruji mbichi ni kali. Kipimo chake cha pH ni 12 hadi 13. Rangi ya mafuta ikikutana na ukali huo pamoja na unyevu hugeuka sabuni: inalainika, inanata, inatoa matone ya manjano. Hiyo ndiyo sababu ya kusubiri siku 28, na zaidi msimu wa mvua au ukuta ukiwa mnene. Rangi ya kwanza iwe praima ya maji inayostahimili ukali wa saruji. Ukiwa huna budi kuhamia mapema, acha ukuta tupu au paka praima pekee. Usiufunge kwa rangi ya kung'aa.

Rangi iliyokwisha kugeuka sabuni haitibiwi. Ikwanguliwe yote, ukuta uoshwe, ukauke, uanze upya.

Rangi ya mafuta, nyufa na madoa yanayorudi

Kupaka rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta inayong'aa kunawezekana, ila ukuta uandaliwe. Osha kwa maji ya sabuni ya kuondoa mafuta, hasa karibu na jiko na swichi, suuza, piga msasa namba 120 hadi 180 mpaka mng'aro ufe kabisa, futa vumbi, paka praima ya kushikisha. Kaa siku moja kisha jaribu kwa kucha. Ikitoka, msasa haukutosha.

Rangi iliyopasuka vipande vipande kama ngozi ya mamba ni tabaka nyingi za mafuta zilizozeeka, au ngumu juu ya laini, au ya pili ilipakwa kabla ya ya kwanza kukauka. Puti haitafunika mchoro huo. Kwangua hadi chini. Mikunjo kama ngozi ya maziwa ni rangi ya mafuta iliyopakwa nene kwenye joto: acha ikauke kabisa, hata wiki, piga msasa, rudia nyembamba.

Ufa mwembamba kama unywele unatosha kupanuliwa kwa ncha ya kikwangulio, kufutwa vumbi, kuloweshwa kidogo na kujazwa. Ufa unaozidi milimita 5, unaokata ukuta mshazari kama ngazi, au unaokua, si kazi ya fundi rangi. Chora mstari wa penseli kwenye ncha zake, andika tarehe, na ukiona umevuka mstari mwite mhandisi. Kuta zinazopata unyevu zijazwe kwa puti ya msingi wa saruji. Ya jipsamu hulainika.

Doa la kahawia la maji yaliyovuja darini litatokea tena hata ukilipaka mara tano kwa rangi ya maji, kwa sababu doa lenyewe huyeyuka ndani ya maji ya rangi na kupanda nayo. Likishakauka, lifunge kwa praima ya kuzuia madoa yenye msingi wa mafuta au wa shelaki (aina ya vanishi), pita moja, kisha rangi yako. Shelaki ndiyo dawa pia ya macho ya mbao yanayotoa utomvu, na ya moshi. Kutu ya vichwa vya misumari ikwanguliwe hadi chuma king'ae, ipakwe praima ya chuma siku hiyo hiyo. Ukiiacha hadi kesho imeanza upya.

Mbao hubanduka rangi kwa sababu hunywa maji kupitia ncha zilizokatwa. Ncha hizo, hasa chini ya mlango ambako hakuna anayetazama, zipakwe praima mara mbili.

Kupaka sasa

Kingo za sehemu zilizokwanguliwa zipigwe msasa hadi kidole kipite bila kuhisi ngazi. Usipofanya hivyo, kila ngazi itaonekana jioni taa ikiwaka pembeni. Sehemu tupu zote zipate praima, la sivyo zitanywa rangi na kubaki na mabaka yasiyong'aa.

Lita moja kwa mita 10 za mraba ni kipimo kizuri kwa ukuta laini. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.7 kina kama mita 38 za ukuta. Toa mlango na dirisha zinabaki 34 hivi, mara mbili ni lita 7. Lita moja ikitandazwa mita 10, unene wake ni sehemu moja ya kumi ya milimita, na maji yakikauka hubaki chini ya nusu ya hapo. Ndiyo maana kuongeza maji "ili rangi iende mbali" kunaua kazi. Ukitia nusu lita ya maji kwenye lita moja ya rangi ukapaka mita 15, kila mita imepata theluthi mbili tu ya inachohitaji. Maji ya ziada yana nafasi yake kwenye pita ya kwanza ya plasta mpya, asilimia 10 hadi 20, kama kopo halikatazi. Kwingine fuata kopo.

Usipake ukuta unaopigwa na jua wakati huo. Fuata kivuli kuzunguka nyumba. Usipake nje mvua ikinukia, wala asubuhi kabla ya umande kukauka, wala unyevu wa hewa ukizidi asilimia 85. Rangi ya maji huguswa baada ya saa moja, hupakwa tena baada ya saa 2 hadi 4, lakini hukomaa kwa wiki 2 hadi 4. Kipindi hicho usiisugue, usiegemeze kabati, na bafuni acha dirisha wazi kadiri unavyoweza. Chota mabaki kwenye chupa ndogo iliyojaa hadi juu, andika chumba na tarehe: kopo kubwa lenye rangi kidogo chini hushika ngozi na kuoza, na utaihitaji siku msumari utakapong'oka.